Kwa mwana wa kaka yangu, uliyeambiwa umepiga simu bure

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea, lakini sauti iliyoibeba haikunipendeza. Hukulia, ila ulikuwa unameza mate kila baada ya maneno matatu, na mimi nimekulea, nakujua.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu wako wenzako wengi wenye kidonda hichohicho. Jina lako silitaji, zahanati siitaji, na mkubwa wako namwacha. Naye ana watoto wa kusomesha.

Wasomaji wajue kisa. Mgonjwa aliletwa na bodaboda, homa kali, anatapika, fizi zinatoka damu. Ukamweka chumba cha nyuma peke yake, ukavaa glavu jozi mbili, ukawazuia ndugu zake mlangoni, ukapiga simu wilayani. Gari likaja, sampuli ikachukuliwa, majibu yakarudi: si Marburg, si Ebola, zile homa za kutokwa damu zinazoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti. Mganga mfawidhi akakusema mbele ya akina mama wa kliniki kwamba umeitia zahanati aibu, umepiga simu bure. Ndipo ukaniuliza: "Shangazi, hivi gonjwa kubwa likija, nchi yetu iko tayari?"

Watu wakiulizwa hivyo huanza kuhesabu vitanda, mitungi ya oksijeni na maabara. Sivibezi. Lakini mwaka 2019 wataalamu walizipanga nchi 195 kwa utayari wake, Marekani ikawa ya kwanza na Uingereza ya pili. Miezi michache baadaye Korona ikaingia, na Marekani ikaja kuzika watu zaidi ya milioni moja. Wala hatuna pa kuwachekea. Sisi Tanzania tuliacha kutoa takwimu za Korona mwishoni mwa Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kwa zaidi ya mwaka tukawa tunazika watu wa "changamoto ya upumuaji". Unakumbuka msiba wa babu mdogo, namna wazee walivyokuwa wakiinamisha vichwa likitajwa jina la ugonjwa?

Mimi utayari naupima hivi: aliyepiga simu, ikaja kuonekana si chenyewe, kesho yake anatendewaje?

Mwaka 2000 kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi wanafunzi wa Hospitali ya Lacor walianza kufa. Dakta Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni, akaitwa arudi. Alikaa na mafaili ya marehemu, akayasoma moja baada ya jingine, akaona yanasema neno moja. Hakungoja majibu ya maabara. Aliwapasha habari wakubwa wa wizara, na wodi ya kuwatenga wagonjwa ikaanza kazi kabla Ebola haijathibitishwa. Waliougua walifika 425, wakafa 224, na yeye mwenyewe akawafuata Desemba ile. Katika habari hii mimi kinachonishika ni yale mafaili. Kama walioandika mle ndani wangeandika "malaria kali" ili kumridhisha mkubwa, angesoma nini?

Naomba nikiri jambo ambalo hata baba yako halijui. Mwaka 1997, kipindupindu kilipotapakaa nchini, nilikuwa muuguzi kijana kwenye kituo fulani. Mgonjwa wa kwanza aliletwa jioni, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama, kinyesi kama maji ya mchele. Nikaandika kwenye faili: kipindupindu, na alama ya kuuliza. Mkubwa wangu akalichukua, akakata neno lile kwa mistari miwili, akaandika juu yake "kuhara na kutapika". Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, ukiandika hivyo soko litafungwa, na sisi tutaitwa kujieleza." Nikanyamaza. Siku ya tatu walikuwa wamelala koridoni kwenye mikeka, ndoo pembeni ya kila mmoja, nasi tunagombania dripu. Mistari ile miwili naiona mpaka leo. Ilinyooka kama imepigwa na rula.

Ndiyo maana simu yako mimi siiiti ya bure.

Tazama Kagera, kwenu huko. Machi 2023 ugonjwa wa ajabu ulizuka Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Tarehe 21 maabara ya taifa ikasema ni Marburg. Wagonjwa 9, vifo 6, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Watu 212 waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha. Sasa nenda Biharamulo, Januari 2025. Kwanza tuliambiwa sampuli hazina kitu, siku chache baadaye Rais akatangaza kwamba Marburg imo. Mwisho wa hesabu walikufa watu 10, na kati yao 8 walihesabiwa kwa kudhaniwa tu, maabara haikuwathibitisha. Wanane katika kumi! Nikisoma namba hiyo najiuliza ni faili ngapi ziliandikwa malaria, na ni mikono mingapi iliwaosha marehemu wale bila glavu.

Marburg huanza kama malaria, hilo unalijua kuliko mimi. Homa, kichwa, viungo. Na aliyeambukizwa anaweza kukaa mpaka siku 21 ndipo augue, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa kupiga simu inawatawanya watu kwenye mabasi, kwenye mialo, kwenye matanga. Rwanda mwaka 2024 waligundua, wakapambana vizuri mno: wagonjwa 66, vifo 15, kwa ugonjwa ambao mara nyingi huua nusu au zaidi. Ila wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mlango wake wa kwanza ni nyinyi.

Kwa hiyo akikusema tena, mwache aseme. Ukipiga simu kumi, tisa zikawa si chenyewe, kazi inakwenda inavyotakiwa. Wilayani wakichelewa kupokea, namba 199 ya wizara haina malipo. Na andika unachokiona, siyo unachoambiwa umekiona: fizi zinatoka damu, tangu lini, alitoka wapi, alilala kwa nani.

Mfuko nimeuweka kwenye basi la Jumatano, kondakta ana namba yako. Kuna mabuti ya mpira, ukubwa nimekisia kwa mguu wa mama yako, na ndizi kavu kidogo. Chini kabisa kuna kaunta buku na kalamu za wino tatu. Buku hilo ni lako mwenyewe, usiliache zahanati. Ukurasa wa kwanza uandike simu ile ya juzi: ulipiga saa ngapi, gari lilifika saa ngapi. Mkubwa wako akija na kalamu yake, hilo hatalifikia.

Shangazi yako