YAH: MALALAMIKO KUHUSU WARSHA YA WAJASIRIAMALI WAPYA

Kwa Meneja wa Mafunzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjasiriamali mchanga. Nashona mikoba ya turubai, na nina miezi minane tu katika kazi hii. Jumamosi iliyopita nilihudhuria warsha yenu ya kuwakutanisha wafanyabiashara na kupeana mrejesho. Tangazo lenu, ambalo bado ninalo kwenye simu, liliahidi vikundi vidogo, wataalamu watatu, na dakika 15 kwa kila mshiriki kueleza biashara yake na kukosolewa. Hilo neno "kukosolewa" ndilo lililonifanya nilipe. Kusifiwa nasifiwa nyumbani kila siku.

Tulifika watu 40, mtaalamu mmoja. Watu 40 kwa dakika 15 ni dakika 600, yaani muda wa saa kumi, na warsha ilikuwa ya saa saba tu, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Wangekuja watatu kama mlivyotangaza, kila mmoja na kundi lake, kazi ingeisha kwa saa tatu na nusu hivi na muda wa kufahamiana ungebaki. Alipokuja mmoja, mlipaswa kutuambia mlangoni tuchague kubaki au kurudishiwa pesa. Badala yake muda ulikatwa hadi dakika mbili bila maelezo, na asubuhi yote hadi saa 5 ikaliwa na hotuba kuhusu historia ya kampuni yenu.

Zamu yangu ilipofika nilifungua mkoba kuonyesha bitana, maana hapo ndipo gharama kubwa ilipo. Sijafika kwenye bei, kengele ikalia. Mtaalamu akainua macho kutoka kwenye simu yake: "Nzuri, ongeza ubunifu." Ubunifu wa nini? Wa mshono, wa bei, wa namna ya kuuza? Nilinyoosha mkono kuuliza, nikaambiwa nimpishe mwingine. Jioni nikakabidhiwa karatasi ya mrejesho. Juu ina namba yangu, 27, lakini maoni yanasifu "ladha na ufungashaji". Sijui nani alikula mkoba wangu.

Mrejesho wa maana niliupata, ila si kwenu. Kwenye foleni ya maji ya kunywa, mshiriki mwenzangu, fundi wa samani, aliushika mkoba akaugeuza ndani nje, akaniuliza bei ya kitambaa, uzi, zipu, hadi umeme. Kisha akasema, "Na wewe mwenyewe umejilipa ngapi hapa?" Nikakosa jibu. Siku zote nilikuwa nahesabu vifaa tu. Saa nne ninazokaa kwenye cherehani kwa kila mkoba sikuwahi kuzitia kwenye bei. Maswali ya namna hiyo ndiyo niliyoyalipia. Kwamba niliyapata kwa bahati, nikiwa nimeshika glasi, hakuwaondolei ninyi deni.

Kuna na hili la namba za simu. Tulizijaza kwenye daftari la mahudhurio, na tangu Jumatatu napokea ujumbe wa watu wanaoniuzia mikopo, wakinitaja kwa jina na kuitaja warsha yenu. Sikutia saini popote kuruhusu namba yangu igawiwe. Hili limeniudhi kuliko hata kengele.

Naomba nirudishiwe nusu ya ada. Nusu nyingine iacheni, ukumbi na kalamu nilivitumia. Naomba pia mpango wangu wa biashara, kurasa nne nilizoziacha mapokezi, usomwe na mtu anayejua hesabu za biashara ndogo, aniandikie maoni yake. Mwisho, futeni namba yangu na mnieleze mmempa nani. Nitasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii, kisha nitalipeleka suala hili kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Nimeambatanisha risiti, nakala ya tangazo na ile karatasi ya mrejesho, ambayo mwenyewe huenda bado anaitafuta.

Wako,
Mshiriki namba 27