Kifungo cha Kola: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaosoma A Passage to India

Wanangu wa kikundi cha usomaji,

Nawasalimu nyote. Mmoja wenu alipokuja kunijulia hali juzi, alinieleza kwamba riwaya ya E. M. Forster imewagawa makundi mawili: wapo wanaosema kitabu cha Mwingereza kuhusu watu waliotawaliwa na taifa lake hakistahili muda wenu, na wapo wanaokipenda kwa sababu wanakiona kuwa ni hadithi ya urafiki unaovuka mipaka ya rangi. Kitabu hiki nimekifundisha kwa miaka mingi, na kwa mapenzi niliyo nayo kwenu nasema wazi kwamba makundi yote mawili yameharakisha.

Nimesikia pia kwamba jioni nzima mlibishana juu ya kilichompata Adela Quested, binti wa Kiingereza anayemshtaki Daktari Aziz, Mhindi, kwamba alimshambulia ndani ya pango la Marabar. Mwandishi amelifunga jambo hilo kwa makusudi, na mkilikazania mtapitwa na mambo aliyoyaacha wazi. Rudini sura ya 7. Fielding, Mwingereza mkuu wa chuo, anavaa ili awapokee wageni wa chai, naye amevunja kile kifungo kidogo kinachoshika kola kwa nyuma. Daktari Aziz, ambaye ndiyo kwanza wanakutana, anamwambia kwamba anacho cha akiba, kisha anageuka kando na kukichomoa cha shati lake mwenyewe, kifungo cha dhahabu alicholetewa na shemeji yake kutoka Ulaya. Anampa mwenyeji wake kwa furaha, na kola yake mwenyewe inabaki bila kishikizo. Baadaye Ronny Heaslop, hakimu kijana wa Kiingereza, anamweleza mama yake, Bibi Moore, na mchumba wake Adela kwamba Aziz alipendeza kwa kila kitu isipokuwa alisahau kifungo cha nyuma, na kwamba uzembe huo ndio unaolionyesha taifa zima la Wahindi lilivyo.

Someni kifungu hicho polepole. Ukarimu wa mtu umegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake, na aliyeugeuza hasemi uongo, kwa maana kola kweli ilikuwa imelegea. Naamini kesi ya Aziz ilianza pale, kabla mtu yeyote hajapanda kwenda mapangoni. Atakaposimama mahakamani, mkuu wa polisi McBryde atakuwa na nadharia kamili kwamba wenyeji wanaoishi kusini ya latitudo fulani ni wahalifu moyoni, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Karachi, na wenzake katika klabu ya Waingereza hawatahitaji kuuliza swali hata moja. Chuki ya namna hii haiji na rungu mkononi. Huja ikiwa imevaa vizuri, inakunywa chai, na inajiona kwamba inaijua nchi.

Kwa wale wanaotaka kukiweka kando kwa sababu ya aliyekiandika, nawaomba mkumbuke kilivyoandikwa. Forster alikianza baada ya safari yake ya kwanza ya India ya 1912 na 1913, akakiacha, akarudi huko mwaka 1921 kuwa katibu wa Maharaja, yaani mtawala wa Kihindi, wa Dewas, na kikachapishwa mwaka 1924. Katikati ya safari hizo mbili, Aprili 1919, Jenerali Dyer wa jeshi la wakoloni aliamuru askari wake wafyatulie risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini Amritsar, ambako hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 379 waliouawa, na baadaye akawalazimisha Wahindi kutambaa kwa matumbo katika kichochoro ambamo mwanamke wa Kiingereza alikuwa ameshambuliwa. Katika riwaya, mke wa mkuu wa wilaya anasema kwamba Wahindi wangepaswa kutambaa kwa mikono na magoti hadi mapangoni kila anapoonekana mwanamke wa Kiingereza. Msomaji wa 1924 aliyekumbuka Amritsar hakuhitaji kuelezwa maneno hayo yametoka wapi. Mwandishi ana mapungufu yake, nami nawaruhusu myaseme kwa ukali: wanawake wa Kihindi wamebaki nyuma ya pazia karibu kitabu kizima, na yule mvuta panka (feni ya kuvutwa kwa kamba) mzuri wa umbo pale mahakamani hapewi hata neno moja. Hata hivyo, alilielekeza jicho lake kwa watu wake mwenyewe, na hakuwaonea haya.

Sasa nije kwenye urafiki, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Fielding anajiuzulu klabuni kwa ajili ya Aziz, na hilo si dogo. Lakini Aziz anapoachiwa huru, ni Fielding huyo huyo anayemsihi asidai fidia ya rupia 20,000 kutoka kwa Adela, kwa kuwa binti huyo amekwisha kuumia. Ombi hilo lina utu ndani yake, nalo linatoka kwa mtu ambaye hajawahi kulala rumande kwa sababu ya rangi yake. Marehemu baba yangu alikuwa karani enzi za mkoloni, na alikuwa na bwana mmoja aliyempa baiskeli na kumuuguza alipopatwa na homa, lakini kwa miaka yote hiyo hakumkaribisha mezani kwake hata siku moja. Baba alimwita rafiki yangu mpaka alipofariki. Nilipokuwa kijana nilimkasirikia kwa neno hilo. Leo sithubutu kusema kwamba hakikuwa kitu, ila najua kwamba kila ilipofika saa ya chakula, aliyeondoka ni baba.

Wala msimfanye Aziz kuwa malaika. Anamdharau Adela kwa sura yake, anawasema Wahindu vibaya, na baada ya kesi anaamini uvumi kwamba Fielding amemwoa Adela kwa ajili ya zile fedha, hata barua zake hazifungui, kumbe aliyeolewa ni Stella, binti wa Bibi Moore. Dhuluma imemfundisha kushuku hata mkono uliomsaidia. Naye Adela, ambaye baadhi yenu mmemwita mwongo tu, alisimama mbele ya Hakimu Das akayafuta mashtaka yake mwenyewe huku jamaa zake wote wakimtazama, akapoteza uchumba na kwao kwa saa moja. Wasichana mlio kikundini, nawasihi msikubali mtu alitumie tukio hili la kubuni kuwa hoja dhidi ya kila mwanamke anayeshtaki. Mwandishi hakulitunga kwa ajili hiyo.

Forster alimtabarukia kitabu hiki Syed Ross Masood, ambaye alianza kumfundisha Kilatini huko Uingereza mwaka 1906, na katika tabaruku akaitaja miaka 17 ya urafiki wao. Kumbe aliyefungia riwaya yake kwa farasi wawili, wa Aziz na wa Fielding, wanaoachana njiani alikuwa na rafiki Mhindi wa kweli. Hapo mwanzo, nyumbani kwa Hamidullah, rafiki wa Aziz, wanaume wanabishana kama inawezekana kuwa rafiki wa Mwingereza, na Hamidullah, aliyependwa sana na familia moja ya Kiingereza, anasema kwamba Uingereza inawezekana. Mwishoni Fielding anauliza kwa nini wasiwe marafiki sasa hivi, na ardhi yenyewe, miamba na mahekalu yake, inajibu kwamba bado, na mbingu inajibu kwamba si hapo.

Mkikutana tena, mmoja wenu asome kwa sauti mazungumzo yale ya nyumbani kwa Hamidullah, na mwingine asome ukurasa wa mwisho, bila maoni katikati. Kisha mwulizeni kila mmoja ni nani hasa aliyekuwa na uwezo wa kuifanya hiyo "bado" iwe fupi. Mkinialika nitakuja, na nakala yangu nitawaachia. Sura ya 7 imechomoka kidogo kwa kufunguliwa mara nyingi, hivyo ishikeni kwa uangalifu.

Mimi mwalimu wenu mstaafu.