Waya wa kopa na jicho la sangara

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mawe. Sote wazima, na baba anakusalimu sana, bado anakuita binti yake wa Musoma. Nakuandikia vidole vikiwa na mikwaruzo na moyo umejaa, na habari hii ni yako kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila hatua niliyopita nilikuwa nakuwaza wewe na mikono yako.

Nimeanza kusokota waya. Fundi redio wa hapa mtaani alinipa transfoma ya redio kaseti iliyoingia maji, nikaifumua na kutoa waya wa kopa mita kadhaa, unene kama nusu milimita, rangi yake ile nyekundu ya dhahabu. Unaukunja katikati, unatundika kwenye msumari, ncha zile mbili unafunga kwenye kijiti, unavuta kidogo huku unazungusha. Usipovuta, msokoto unakaa ovyo; ukivuta kwa nguvu, unakatika karibu na msumari. Si ndivyo ulivyokuwa unaniambia juu ya nywele? Halafu nikagundua kitu: ukisokota mmoja kwenda kulia na mwingine kwenda kushoto, ukiviweka sambamba vinaonekana kama ukili wa mkeka. Niliviangalia mpaka chai ikapoa.

Nikaamua kutengeneza sangara. Mgongo na mkia wa msokoto, mapezi ya waya mmoja mmoja, na jicho liwe taa ndogo nyekundu ya LED, ile ya miguu miwili: mrefu unakwenda chanya, mfupi hasi, ukigeuza haiwaki. Fundi alinionya nisiiunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 9, itaungua papo hapo. Akanionyesha hesabu kwenye kipande cha boksi: taa nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 7, hizo 7 lazima zipite kwenye resista, kile kidude kinachobana umeme. Akanipa ya omu 470, mistari yake njano, zambarau, kahawia. Saba gawanya kwa 470 unapata miliampea 15 hivi, na taa inawaka vizuri bila kuumia. Tuliisoma Kanuni ya Ohm darasani wote wawili, tukaikariri, tukaiandika kwenye mtihani. Mimi nimeielewa wiki hii.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Niliunga kila kitu, taa haikuwaka. Nikageuza miguu, wapi. Nikabadilisha betri, wapi. Siku mbili nzima. Kumbe waya ule unaouona uchi umepakwa vanishi, nyembamba kiasi kwamba jicho halioni, na umeme haupiti hapo. Inabidi ukwangue ncha kwa msasa mpaka rangi ibadilike, ing'ae kama sarafu mpya, ndipo uunge.

Nikakwangua. Ila wakati huo waya ulikuwa umeshakuwa mgumu, maana kopa ukiikunja na kuikunjua mara nyingi inakakamaa, mwisho inakatika. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiichoma moto ikawa nyekundu kisha ukaitia kwenye maji, inalegea tena. Ni kweli kabisa, inalegea kama uzi. Nikaupeleka ule wa mkia kwenye jiko la mkaa uani (moshi wake mbaya, nilisimama mbali), nikausokota upya, mkia ukatoka mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza. Nikaunga betri. Taa kimya, na betri ikaanza kupata joto mkononi mwangu. Nikachomoa haraka.

Fundi aliugusa kwa mita yake, ikalia. Shoti. Moto ulikuwa umekula vanishi yote, nyaya mbili zikawa zinagusana mwili mzima, umeme ukarudi kwa njia ya mkato bila kufika jichoni.

Hapo ndipo niliposhikwa na jambo hili, shoga yangu. Ikiwa vanishi haijaungua, nyaya mbili zilizokumbatiana kwenye msokoto mmoja zinabaki njia mbili. Mmoja unapeleka, mwingine unarudisha, na wewe unaona pambo tu. Kwa hiyo mkia wenyewe ndio unaobeba umeme. Hakuna waya wa ziada wa kuficha. Nikaanza tena na waya ambao haujaguswa na moto, nikasokota taratibu mara moja tu bila kurudia, nikakata pale kwenye mkunjo ili ziwe nyaya mbili kweli, nikakwangua ncha peke yake, fundi akanichomelea kwa risasi kwenye resista na kwenye miguu ya taa. Jicho likawaka. Niliita nyumba nzima.

Baba alimshika yule samaki kwa muda mrefu. Unakumbuka karabai zake, tulivyokatazwa kugusa ule utambi mweupe kwa sababu unapukutika? Siku hizi wavuvi wengi wa dagaa wanatumia taa za LED na betri, na zikija siku za giza, ukisimama hapa kwetu juu ya mawe unaona ziwa limekuwa mji. Nikamwambia sasa nitamtengenezea mtumbwi wenye taa mbele. Akatikisa kichwa: taa ya dagaa haikai mtumbwini, inaelea peke yake juu ya maji, mtumbwi unaisubiri pembeni gizani.

Basi nahitaji msokoto mrefu, mwembamba, unaotoka mtumbwini mpaka kwenye boya, na mikono yangu bado haijui kusokota mwembamba bila kukata. Yako inajua. Ukija Desemba njoo na ule ushanga mweupe uliobaki, utafaa kwa boya. Waya nakutunzia, uko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, na hakuna mtu atakayeusogeza karibu na jiko.

Wako wa siku zote.