Shukrani kwa fundi viatu wa Donholm, Nairobi

Shikamoo baba. Jina lako sikuuliza, na hilo ni kosa langu. Mimi ni yule mmisionari Mtanzania wa shati jeupe na tai, niliyefika hapo stejini mvua ikinyesha, soli ya kulia ikipiga makofi kila hatua. Tulikuwa wawili, maana katika kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mmisionari hatembei peke yake.

Ulinipa kandambili, ukapaka uzi nta, ukashona soli yote kuizunguka, kisha ukaukata uzi kwa meno. Uliposikia kijana wa miaka 20 anaitwa Mzee, jina la heshima la wamisionari wetu wa kiume, ulicheka hadi sindano ikakuponyoka. (Hata mama yangu hajazoea.)

Ukatuagizia chai. Tukakataa, kwa sababu sisi hatunywi chai wala kahawa, nami nikaona aibu. Kukataa chai ya mtu Nairobi si jambo dogo. Wewe ukamwita mama wa uji. Vikombe viwili, moto, wenye ndimu. Na pesa ukakataa!

Nimebakiza miezi 7 kati ya 24 ya umisionari wangu, na kazi yetu ni miguu. Soli bado imeshika. Asante sana, baba.