Malalamiko kuhusu seti ya diorama ya Ardennes: nyumba si ya kipimo cha 1/35

Lubumbashi, tarehe 11 Machi 2024

Kwa Mkurugenzi wa Mauzo,
Kampuni ya vifaa vya modeli

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu idara yako ya wateja imekwisha kunijibu, na jibu lao ndilo lililonifanya nishike kalamu tena. Niliagiza kwenu seti ya diorama, yaani mandhari ndogo ya kuunda kwa modeli, ya vifaru katika theluji, nikalipa dola 165 pamoja na usafiri. Kilichonifikia hakilingani na tangazo lenu: nyumba ni ya kipimo kingine, kifaru cha Sherman ni cha mwaka mwingine, na unga mnaouita theluji ya kudumu haudumu. Naomba vitu hivyo vitatu vibadilishwe kwa gharama yenu, au nirudishiwe fedha zangu.

Tangazo lilisema hivi, na nakala yake nimeiambatanisha: kijiji cha Ardennes, Ubelgiji, Januari 1945, kifaru cha Kimarekani M4A3 (ndiyo Sherman) chenye mzinga wa milimita 76, kifaru cha Kijerumani Panther, toleo la G, gofu la nyumba ya mawe ya kienyeji, askari sita, unga wa theluji. Mwishoni, kwa herufi nene: vyote kwa kipimo cha 1/35. Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoyalipia: sentimita moja ya modeli iwe sentimita 35 za kitu halisi.

Sikuchagua kwa pupa. Mimi ni mwalimu wa historia, na diorama hii ni ya darasa. Kwa meza niliyo nayo ningeweza kuchukua 1/72. Katika kipimo hicho Sherman, ambayo kwa kweli ina urefu wa karibu mita 6, inabaki na sentimita 8 tu, na mtaa mzima wa kijiji unaenea mezani. Ningeweza pia kuchukua 1/48, ambayo inatoa kifaru cha sentimita 12 na haili nafasi sana. Lakini wanafunzi wangu ni wengi, wanasimama kwa safu kuizunguka meza, na yule wa nyuma naye anapaswa kuona kifuniko cha dereva na alama za minyororo ardhini. Kwa hiyo nikachukua 1/35, Sherman ya sentimita 17, na badala ya kijiji kizima, kona moja ya nyumba iliyobomolewa na mizinga. Nyumba yenye kimo cha mita 8 hadi kilele cha paa inafika sentimita 23 kwa kipimo hicho. Ukiiweka nzima, inaficha kila kitu nyuma yake. Gofu linaacha jicho lipite. Nilikata ubao, nikainua barabara, nikaacha nafasi ya kuta, na theluji yenyewe nikaipigia hesabu: sentimita 20 za theluji ya kweli ni karibu milimita 6 juu ya ubao wangu. Yote haya yalikuwa tayari mzigo ulipovuka mpaka wa Kasumbalesa.

Sasa nakuomba utazame nyumba mliyonitumia. Mtu wa mita 1.75 ana milimita 50 kwa kipimo cha 1/35, na askari wenu nimewapima, wako sawa. Mlango wa mita 2 ulipaswa kuwa na milimita 57. Mlango wa nyumba yenu una milimita 42. Nilipomsimamisha askari mbele yake, kizingiti cha juu kilimfika begani. Hawezi kuingia ndani bila kuinama kama anayeingia kwenye banda la kuku. Gawanya mita 2 kwa 48, utapata hizo milimita 42, kasoro kidogo sana. Nyumba ni ya 1/48.

Kumbe hata rula sikuihitaji. Upande wa ndani wa ukuta wa nyuma, karibu na pale plastiki inapokatwa kutoka kwenye fremu, kumechapwa 1:48 kwa herufi ndogo zilizoinuka. Na juu ya boksi la nyumba kuna stika nyeupe iliyoandikwa 1/35. Niliibandua polepole kwa mvuke wa birika ili nisichane karatasi. Chini yake, kwenye chapa ya kiwanda, pameandikwa 1/48. Picha za mlango, ukuta na stika nimeziambatanisha.

Bwana Mkurugenzi, stika haijibandiki yenyewe. Mfanyakazi akichanganya maboksi ghalani, hilo ni kosa la kazi, na mtu yeyote mwenye duka hukutana nalo. Lakini hapa kuna mtu aliyeisoma 1/48, akajua seti inahitaji 1/35, akaifunika namba. Ni jambo hili linaloniumiza kuliko mengine yote, kwa sababu anayenunua kwa mbali hana kitu cha kushika zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Paa nalo si la Ardennes. Nyumba za zamani za huko ni za mawe, na mapaa yake ni ya vigae bapa vya jiwe, rangi ya kijivu inayokaribia weusi. Mliyonitumia ina vigae vyekundu vya mviringo, vile vya Italia na kusini mwa Ufaransa. Theluji ingeweza kuficha wekundu, lakini haifichi mawimbi. Paa la mawimbi lililofunikwa na theluji bado ni paa la mawimbi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nyumba za 1/35 hazipatikani. Kipimo hiki ndicho kinachoongoza kwa vifaru tangu Tamiya wa Japani walipotengeneza Panther yao mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ukubwa uliotosha kubeba mota na betri ndani. Hesabu ikaangukia 1/35, na viwanda vingine vikafuata. MiniArt wa Kyiv wana nyumba nyingi za plastiki za kipimo hicho, nzima na zilizobomoka. Kama ghala lenu lilikuwa tupu, mngeniambia. Ningesubiri, au ningechukua seti nzima ya 1/48, vifaru na nyumba pamoja, kisha ningekata ubao mwingine. Kuchanganya vipimo viwili katika tukio moja ndiyo kitu pekee kisichorekebishika.

Kuhusu Sherman sitasema mengi. M4A3 ina mwili wa mabamba yaliyochomelewa, wenye kona zinazoonekana wazi. Mlichotuma ni M4A1, mwili wa chuma cha kumimina, mviringo kila upande. Najua M4A1 nazo zilipigana Ulaya hadi mwisho wa vita, na baadhi zilikuwa na mzinga wa milimita 76. Lakini hii ina mzinga wa milimita 75, na mbele ya dereva kuna vijidirisha vya kutazamia, alama ya zile za mwanzo za 1942, za mapigano ya jangwani ya El Alamein, Misri, na Tunisia. Hata karatasi ya maelekezo inaonyesha rangi za jangwani. Mtu hawezi kuipaka chokaa akaiita kifaru cha Houffalize, kule Ardennes.

Haki nayo isemwe: Panther ni nzuri sana. Ni toleo la G kweli, bamba la mbele halina tundu la dereva, na vipande vinakaa bila kulazimishwa. Askari pia nimewapenda, hasa wale wawili waliojifunika shuka nyeupe. Huyo aliyewachonga alijua habari yake, kwa kuwa wakazi wa Hemroulle, karibu na mji wa Bastogne, walitoa shuka zao za kitandani ili askari wa Kimarekani wajifiche katika theluji. Hivyo vitu viwili ninabaki navyo, na sidai chochote juu yake.

Unga wa theluji ndio uliochukua muda wangu. Lebo inasema ni wa kudumu na haubadiliki rangi. Niliupaka kwa gundi nyeupe kwenye kipande cha ubao cha majaribio, nikakiacha juu ya kabati. Huku kwetu, mvua zikianza Novemba, hewa inabaki na unyevu hadi Machi au Aprili. Unga ukafanya gamba juu, ukapasuka kingo, kisha ukaanza kuwa wa manjano, kuanzia pale gundi ilipokuwa nzito. Nikachukua kijiko cha unga mkavu na kukitia siki: ukatoa povu. Kijiko kingine nikakitia katika maji: ukayeyuka. Hiyo ni bikaboneti ya jikoni, Bwana Mkurugenzi. Inauzwa kwa franka chache katika soko la Kenya, komini ya hapa mjini, na watengeneza modeli wanajua kwamba haifai kwa diorama ya kukaa muda mrefu. Kinachotumika ni unga wa viputo vidogo sana vya kioo, ambavyo havinywi maji, haviyeyuki, na vikipigwa na mwanga vinang'aa kidogo kama theluji ya asubuhi. Kopo lenu lilikuwa na bei ya unga wa kioo.

Nilieleza mambo haya yote kwa idara ya wateja. Mama aliyepokea simu alinisikiliza kwa adabu, namshukuru. Kisha likaja jibu la maandishi, nalo nimeliambatanisha. Linasema seti ni ya mapambo, tofauti ni ndogo, na kwa kuwa Lubumbashi hakuna theluji, watazamaji wangu hawatagundua.

Naomba nijibu hapo, maana hapo ndipo penye kiini cha barua hii.

Wanafunzi wangu hawajawahi kuona theluji, ni kweli. Lakini wanajua urefu wa mlango. Wanajua mtu anavyosimama mbele ya nyumba yake. Chokaa wanaijua pia: wameiona ikichunika kwenye kuta kila mwaka baada ya mvua za kwanza, ikianzia pale inapoguswa sana. Vifaru vingi vya Kimarekani vilipakwa chokaa Januari 1945, nayo ilitoka kwanza pale buti za askari zilipokanyaga na pale vifuniko vilipofunguliwa mara kwa mara. Nikikosea hapo, mtoto wa Katuba, komini yetu, ataniuliza, na atakuwa na haki. Ataniuliza pia kwa nini theluji haipo juu ya injini, nami nitamwambia chuma kilikuwa cha moto. Mtoto ambaye hajaona kitu ndiye anayetazama kwa makini zaidi, kwa sababu hana kumbukumbu ya kujazia palipopungua. Ninachomwonyesha ndicho atakachokijua.

Na vita hiyo si habari ya watu wa mbali. Mwaka 1941 askari Wakongo wa Force Publique, jeshi la koloni, walipigana na Waitalia huko Ethiopia, na mwezi wa Julai Waitalia wakajisalimisha Saio. Shaba ya Katanga iliuzwa kwa Uingereza wakati wote huo. Desemba mwaka uleule, hapa mjini, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma walipigwa risasi. Haya nayafundisha kwa ramani na picha. Wanafunzi ndio walioniuliza vita iliishaje kule Ubelgiji kwenyewe, nchi iliyokuwa ikitutawala. Basi nikaanza kujenga: mashambulizi ya Wajerumani ya tarehe 16 Desemba 1944, Bastogne iliyozingirwa, anga lililofunguka tarehe 23 ndege zikadondosha chakula na risasi, Wamarekani waliofika tarehe 26, na barabara ya kwenda Houffalize, ambako majeshi yao mawili yalikutana tarehe 16 Januari 1945. Barabara hiyo ndiyo iliyo juu ya ubao wangu. Inasubiri nyumba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mniletee gofu la nyumba la kipimo cha 1/35, lililoandikwa hivyo na kiwanda chenyewe, la mawe na paa la vigae bapa. Kama hamna la Ardennes, la Ujerumani magharibi litafaa, ila mniulize kwanza. Mniletee M4A3 yenye mzinga wa milimita 76, na unga wa viputo vya kioo badala ya bikaboneti. Usafiri na ushuru wa mpakani muulipe ninyi, kwa sababu ule wa kwanza niliulipa mimi kwa mzigo usio sahihi. Nyumba, Sherman na kopo la unga nimevifunga tena katika maboksi yake. Mkivitaka, mtume mtu wa kuvichukua. Kama mnaona kubadilisha ni kazi, nirudishieni fedha za vitu hivyo vitatu pamoja na sehemu yake ya usafiri.

Naomba pia mlitazame tangazo, kwa ajili ya wateja wengine. Kila kitu katika seti kiandikwe kipimo chake peke yake: kifaru hiki 1/35, nyumba hii 1/48, wazi, bila stika. Wapo watakaonunua hata hivyo, kwa sababu nyumba ya 1/48 ikiwekwa mbali, nyuma kabisa ya tukio, inaweza kudanganya jicho kwa umbali. Lakini huo uwe uamuzi wa mnunuzi.

Nasubiri jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa anwani iliyo kwenye hati ya mauzo.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa historia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi

Viambatanisho: nakala ya tangazo, hati ya mauzo, risiti ya ushuru, picha za mlango, ukuta na stika, picha ya ubao wa majaribio, nakala ya jibu la idara ya wateja.