Barua kwa Mdogo Wangu Kuhusu Mwali wa Mzee

Birmingham, Uingereza
Ijumaa usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya pamoja na Mama, shemeji na watoto, na kwamba Shangazi wa Pongwe amekwisha kurudi kwake salama. Mimi huku sijambo. Baridi imeanza, kazi ya usiku ninayo, na hayo yanatosha kwa upande wangu. Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili nikikueleza kwa simu unanikatiza, na nikikutumia ujumbe wa sauti unasikiliza nusu kisha unajibu "poa". Barua imo ndani ya boksi kwa makusudi. Kabla hujafungua kile kilichoviringishwa taulo, soma kwanza, kisha umsomee Mama baada ya Isha. Yale ya pesa waweza kuyaruka ukipenda, ila ya kabureta, zile zinazochanganya hewa na petroli ya injini, usiyaruke.

Mwezi uliopita uliniandikia kwamba unahitaji milioni 4 na nusu: milioni 3 na laki 3 za injini ya Toyota Mark II uliyoiona Ilala, na milioni 1 na laki 2 za rimu za inchi 18 ambazo umekwisha kuzitilia arubuni. Katikati ya maelezo hayo, kwa wepesi wa mtu anayesema kwamba ameuza debe bovu, ulitaja kuwa kabureta mbili za Mwali, lile gari la Mzee, "zilikuwa zimeshika", ukamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa kituo cha basi, na basi langu likaja likapita nikiwa bado nimeikodolea macho. Kabureta zile ni za aluminiamu, kwa hiyo hata kwenye hiyo kilo huenda ulipunjwa.

Hukujua, nami nakubali kwamba hakuna aliyekueleza. Datsun 240Z zilizouzwa nje ya Japani kuanzia mwaka 1970 hadi 1972 zilikuja na kabureta mbili za Hitachi zenye kuba la mviringo juu, zilizoundwa kwa kufuata mtindo wa kabureta za SU za Kiingereza. Zile za mwaka 1973 za soko la Marekani zikawekewa nyingine zenye kifuniko bapa, ambazo wenye magari haya wamekuwa wakizing'oa tangu hapo ili wazitafute zile za kuba. Mwali wetu ni 240Z ya 1972. Umeuza kile ambacho watu wanavuka bahari kukitafuta.

Wala hazikuwa zimekufa. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopanda injini inapovuta hewa, na chini yake inaning'inia sindano nyembamba inayoziba na kuachia petroli. Gari likikaa miaka bila kuwashwa, petroli kuukuu huacha utando kama wa gundi, nayo pistoni hunata. Dawa yake ni kitambaa laini na petroli safi, bila msasa hata kidogo. Ukichomoa kijiti cha oili kilichoko juu, ukainyanyua pistoni kwa kidole na kuiachia, inapaswa kushuka yenyewe bila kusita na kugonga chini: tik. Mzee alikuwa akitufanya tusikilize huo mlio wa tik. Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau, lakini mimi namwona bado: Ijumaa alasiri, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, boneti iko juu, naye amechutama na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja sikioni na ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, kisha ya mbele tena, akizungusha skrubu robo ya mzunguko kwa wakati mmoja mpaka mfoko wa hewa uwe sawasawa kote kuwili. Hapo hata muuza kahawa aliyekuwa akipita na madele yake alinyamazishwa kwa mkono. Zikipatana, injini ilikuwa inaacha kugugumia na kuanza kuimba, na Mama alikuwa akisema kutoka dirishani kwamba mke mwenza wake amepona.

Basi, katika hilo taulo mna kabureta mbili za kuba. Nimezinunua kwa pauni 640, pesa ambazo zilikuwa na kazi nyingine, nikazifungua juu ya meza ya jikoni kwa muda wa wiki tatu, nikabadilisha gasketi, sindano na mihimili ya vali ambayo ilikuwa imelika na kuvujisha hewa. Kila pistoni imekaa na kuba lake, usije ukazichanganya, kwa maana zilisagwa kwa jozi na hazikubali kubadilishana. Nami sitaki kujisifu, ila hili nitalisema: katika maonyesho ya magari ya zamani niliyokwenda kiangazi, nilimkuta mzee mmoja wa hapa na 240Z yake, nyekundu, boneti nyeusi, kama ile iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Gari lake lilikuwa likitetemeka kama mwenye homa. Alikuwa na kipimo cha bei kubwa ambacho hakikuwa kimemsaidia. Nikamwomba ruhusa, nikachukua kipande cha mpira, nikachutama. Kwa dakika 20 hivi gari lilitulia hata ungeweza kusimamisha shilingi juu ya kifuniko cha vali. Aliniuliza nilisomea wapi ufundi, nikamwambia Sahare. Hakujua Sahare yetu ya Tanga ni nini, nami sikuona haja ya kumfafanulia.

Sasa tuje kwenye injini ya Mark II. Umesema ni 1G, nami naijua: silinda 6, sentimita za ujazo 1,988. Iliyomo ndani ya Mwali ni L24, nayo ni ya silinda 6, sentimita za ujazo 2,393, na kiwandani waliihesabia nguvu za farasi 151. Yaani unataka kutoa lita 2.4 uweke lita 2, kisha ulipie vishikio vipya vya injini, propela shafti ya kukatwa na kuunganishwa upya, kompyuta na msitu wa waya ambao fundi wako ameshakiri kwamba hana mchoro wake, na juu ya yote gari la Mzee litembee kwa gia otomatiki. Nguvu utakayoongeza haifiki hata bei ya hizo waya. Ukitaka nguvu kweli, yuko ndugu wa hiyo L24, naye ni L28 ya sentimita za ujazo 2,753, inayokaa kwenye vishikio vile vile bila kukata kitu. Hiyo nitaitafuta mimi, siyo mwaka huu. Kwa sasa fungua distribyuta, toa platini, vile vikatizo vya umeme wa cheche, weka kile kidude cha kielektroniki nilichokifunga kwenye soksi ya kijivu. Waya mwekundu na mweusi vyote vinakwenda kwenye koili. Hutasafisha tena platini kwa kucha kama alivyokuwa akifanya Mzee.

Halafu umuulize fundi wako temostati iko wapi, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Najua jibu: ameing'oa, kwa sababu mafundi wetu wengi wanaamini kwamba injini isiyo na temostati haichemki. Injini ya namna hiyo haipati joto lake la kufanyia kazi, inakula petroli na kulika silinda. Joto linalomsumbua Mwali halitoki huko. Eksozi yake imepita chini ya kabureta moja kwa moja, ukisimama kwenye foleni petroli inachemka ndani ya bakuli zake, gari linazima na haliwaki tena mpaka lipoe. Lile bati la kukinga joto lililokuwa baina ya eksozi na kabureta lirudishwe, na ule mpira mwembamba unaopitisha maji ya moto kupasha mkono wa hewa uzibwe. Huo uliwekwa kwa ajili ya nchi zenye barafu; Tanga hatuna shida hiyo.

Kama kuna jambo ambalo nitaunga mkono libadilishwe bila kubishana, ni breki. Unakumbuka Mama anavyosimulia ile safari ya kushuka kutoka Amani kuja Muheza, Mzee akikanyaga na pedali ikizidi kuwa laini kama mkate wa kumimina, mpaka wakafika chini kwa gia ya kwanza na dua. Kalipa za asili, yaani vile vibanio vya diski ya breki, zina pistoni 2 kila moja. Kalipa za Hilux ya foo-wili ya kati ya mwaka 1979 na 1985 zina pistoni 4, na matundu ya boliti zake yanakutana na ya Mwali kana kwamba ndugu wawili walizaliwa Toyota na Datsun kwa bahati mbaya. Unachokata ni kipande tu cha lile bati la nyuma la kuzuia vumbi; diski inabaki ile ile. Mabaki ya Hilux hizo hayakosi Korogwe na Muheza kwenye mashamba ya katani. Chagua kalipa ambazo pistoni zake hazina kutu, nunua mipira mipya, na usifunge kitu kabla hujazisafisha kwa oili ya breki. Usitumie petroli hapo, inaharibu mipira.

Rimu nazo. Mdogo wangu, ulizihesabu? Mwali ana nati 4 kila gurudumu. Rimu za Mark II zina matundu 5. Duara la matundu ni lile lile, milimita 114.3, na nadhani hapo ndipo muuzaji alipokushika, kwa sababu ukiweka rimu juu ya kitovu cha gurudumu unaona kama zinalingana mpaka uhesabu. Tafuta za inchi 15 zenye matundu 4, wala usichukue zilizotoka kwenye gari la kuvuta mbele, maana hizo huzama ndani na zitagusa shokamzoba.

Kuhusu taa, fundi wa umeme afunge relei mbili, zile swichi ndogo za umeme, karibu na betri, kila moja na fyuzi yake. Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, ndiyo sababu iliungua ile usiku wa barabara ya Pangani. Relei ninazo, zimo ndani ya kopo la chai.

Linalonitia hofu zaidi ni bodi, kwa sababu upepo wa Sahare una chumvi na turubai ulilofunika limechanika tangu masika. Chukua sumaku, ifunge kwenye leso isikwaruze, uipitishe taratibu chini ya betri, sakafuni miguuni mwa dereva, kwenye kona za mlango wa nyuma na chini ya kioo cha mbele. Inaposhika ni bati. Inapoteleza ni puti. Yule fundi wa bodi wa kwanza alimpiga Mwali puti nene kama chokaa ya msikiti, akapaka rangi, tukamlipa na kumshukuru. Safari hii kilichooza kikatwe, bati jipya lichomelewe, lipakwe praima siku hiyo hiyo kabla ya umande. Na rangi ni ile ya chungwa ya kiwandani, siyo nyeusi isiyong'aa uliyonitumia picha yake. Mzee alipenda kusema ni rangi ya machungwa ya Muheza, ingawa machungwa ya Muheza yenyewe huiva yakiwa na ganda la kijani, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Baba Mdogo amenipigia. Anasema gari liuzwe, kila mtu apate fungu lake, kwamba tunatupa pesa kwenye chuma kisichobeba mizigo. Nimemjibu kwa adabu kwamba Mama ndiye mwenye kauli, na Mama amekwisha kusema. Yeye ndiye aliyempa Mwali jina hilo, kwa kuwa alikuwa akifungiwa ndani na kutolewa kwa shughuli tu. Mwambie Baba Mdogo kwamba siku likisimama vizuri, yeye ndiye atakayekaa kiti cha mbele kwenda Maulidi. Viti ni viwili tu, naye anapenda kuonekana.

Pesa: nimekutumia milioni 1 na laki 6. Ni za kalipa, bati, uchomeleaji, turubai jipya na fundi wa umeme. Milioni 4 na nusu sina, na hata ningekuwa nazo nisingezitoa kwa orodha ile. Risiti uziweke, siyo kwamba nakushuku, ila ile habari ya kilo bado iko kifuani mwangu na itachukua muda kushuka.

Mpira wa Mzee ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa banda. Kama haujauzwa, utumie huo huo. Ukiwa tayari kusawazisha nipigie, saa za huku ziwe zozote zile, uweke simu kwenye ncha ya mpira kabureta ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, nami nitakuambia skrubu ipi uizungushe.

Msalimie sana Mama, umwambie taulo ni lake baada ya kufuliwa.

Wako,
Kaka yako

Nyongeza: Rimu zirudishwe kabla ya Jumatano. Akikataa kurudisha arubuni yote, chukua nusu uondoke.