Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi Kuhusu Vituo vya Mtihani wa Udereva

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: UPANGAJI UPYA WA VITUO VYA MTIHANI WA UDEREVA

Mimi ni mwalimu wa udereva, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi katika mji mdogo ulio mbali na Nairobi. Kila yanapozuka mazungumzo ya kupanga upya vituo vya mtihani, hoja huanzia kwenye majengo, idadi ya wafanyakazi na mitambo ya kompyuta. Naomba safari hii ianzie kwenye dakika ambazo mtahini hukaa ndani ya gari kando ya mtahiniwa, akimtazama anavyoendesha. Dakika hizo ndizo mtihani wenyewe, na mpango wowote utakaozipunguza, hata ukituletea jengo zuri namna gani, utakuwa umepunguza usalama wa barabara zetu.

Niruhusu nieleze siku moja tu. Ilikuwa msimu wa mvua, nami niliondoka na wanafunzi wanane saa tisa usiku ili tufike kituoni kabla ya foleni kuwa ndefu. Saa moja asubuhi tulikuta watu wamekwisha kujipanga chini ya mwarobaini, wengine wakiwa wamelala mjini humo kwa gharama zao. Mtihani wa kwanza ulifanyika kwenye ile meza ya mji wa mfano tunayoijua sote: barabara zilizochorwa kwa rangi, mzunguko katikati, na kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma kwa kidole akieleza ataingia njia ipi na atampisha nani. Zoezi hilo lilichukua muda hadi adhuhuri. Zamu ya barabarani ilipomfikia mwanafunzi wangu mmoja, mama aliyekuwa amejifunza kwa bidii kwa wiki nyingi, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Aliwasha gari, akatia indiketa, akaingia barabarani, akafika gia ya tatu, na alipofika kwenye kalvati akaambiwa aegeshe ili mwenzake achukue usukani. Alifaulu. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa kuwa najua alistahili, lakini mtahini hakumwona akikata kulia penye magari, wala akiliondoa gari mlimani, wala akipishana na lori kwenye barabara nyembamba. Kituo hicho sikitaji, na mtahini yule simlaumu hata kidogo. Hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alikuwa mmoja, na watu walikuwa wengi.

Ndiyo sababu wazo la kuunganisha vituo vidogo ili kupata vichache vikubwa hunitia wasiwasi. Watu wakikusanywa mahali pamoja, siku moja, mbele ya watahini wachache, hapana budi kila mmoja apewe muda mfupi ili wote wamalizike kabla ya giza. Uokoaji wa fedha utaonekana kwenye vitabu vya wizara, lakini hasara yake itaonekana barabarani, ambako katika miaka ya karibuni tumekuwa tukipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kundi kubwa zaidi likiwa la watu waendao kwa miguu, likifuatwa na waendeshaji wa pikipiki na abiria wao.

Sipingi kila aina ya kuunganisha. Sheria ya mwaka 2012 iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani ilileta chini ya paa moja kazi zilizokuwa zimetawanyika kati ya msajili wa magari, Bodi ya Leseni za Uchukuzi na kitengo cha polisi cha ukaguzi wa magari, na hatua hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, kuunganisha usimamizi ni jambo moja, na kumvuta mwananchi hadi mlangoni pa msimamizi ni jambo jingine. Katiba yetu, kifungu cha 6(3), inaviagiza vyombo vya taifa kuhakikisha kwamba huduma zao zinafikika ipasavyo katika sehemu zote za Jamhuri. Kwa kijana wa bodaboda anayelipwa kwa siku, nauli, chakula, malazi na siku mbili bila kazi humgharimu kuliko ada yenyewe ya mtihani. Nimewaona wakihesabu fedha hizo mbele yangu, kisha wakaniambia, "Mwalimu, nitarudi mwezi ujao," nisiwaone tena isipokuwa stejini, wamebeba abiria bila leseni. Hao hawapimwi na mtu yeyote.

Ipo njia ambayo naamini haihitaji majengo mapya mengi. Mtihani wa nadharia utenganishwe na ule wa barabarani. Tangu mwaka 2013 tumejenga vituo vya Huduma, ambako mwananchi hupata huduma nyingi za serikali mahali pamoja, na sasa vipo katika kaunti zote 47; mtahiniwa anaweza kujibu maswali ya alama na sheria za barabarani hapo, kwa Kiswahili au Kiingereza, siku inayomfaa. Uingereza ilitenganisha mitihani hiyo mwaka 1996, na leo mtahiniwa wa huko hukaa barabarani na mtahini kwa takriban dakika 40. Sisi tukiondoa foleni ya mezani, mtahini atakuja mjini kwetu kwa kazi moja tu ya kupanda gari, na siku zake zitangazwe miezi kadhaa mapema ili wanafunzi wajipange. Kituo cha namna hiyo kinatosha kuwa na ofisi moja, choo, kivuli cha kungojea na barabara ya kweli yenye mlima, makutano na watu wanaovuka.

Najua wapo watakaosema kwamba vituo vingi vidogo huzaa rushwa, kwa kuwa mtahini na wenye shule za udereva hufahamiana. Hofu hiyo ina msingi, nami niliye ndani ya kazi hii siwezi kuikana. Lakini umati nao ni maficho mazuri ya rushwa, maana mtu aliyechoka kungoja ndiye mwepesi kuombwa "kitu kidogo". Watahini wahamishwe kwa zamu kutoka kituo hadi kituo, majina yao yapangwe karibu na siku ya mtihani, na kila mtahiniwa apewe karatasi yenye alama zake na makosa aliyoyafanya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupata sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapomwathiri vibaya. Mwanafunzi anayeambiwa "umeanguka" pasipo maelezo hurudi kwangu bila mimi kujua nimrekebishe wapi, naye hushuku kwamba alichokosa ni bahasha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, naomba kwamba kabla kituo chochote hakijafungwa au kuunganishwa na kingine, wizara yako itangaze kwa umma idadi ya watahiniwa wa kituo hicho, idadi ya watahini, umbali wa kituo mbadala, na wastani wa dakika ambazo kila mtahiniwa hupimwa akiwa barabarani. Wananchi wa mji husika wasikilizwe mjini kwao, si Nairobi, na katika siku ambayo waendeshaji wa bodaboda na matatu wanaweza kuhudhuria. Sisi walimu wa udereva tutakuja na madaftari yetu, ambamo tumeandika siku tulizosafiri, saa tulizongoja na wanafunzi waliokata tamaa.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa udereva